Kufunga Mwamba Ili Samaki Warudi: Mwongozo kwa Kamati za Uvuvi na Watu wa Diko

Mwongozo huu ni kwa ajili yako uliye kwenye BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo) ya kijiji, kamati ya uvuvi ya shehia, au kikundi cha akina mama wanaochokoa pweza. Ni kwa ajili yako pia uliye mvuvi wa kawaida, unayeona mwamba wa kwenu unakwisha na hujui uanzie wapi. Huhitaji boti ya doria wala mfadhili ili uanze. Unahitaji watu waliokubaliana, daftari, mizani, na kipande cha bahari mtakachokiacha kipumzike.

Niseme msimamo wangu mapema. Eneo tengefu, yaani lililofungwa lisivuliwe, mara chache huvunjika kwa kukosa boya au boti. Huvunjika kwa sababu wale wanaopoteza zaidi hawakuulizwa. Kwa hiyo utaona hapa nimekaa sana kwenye mikutano, siku ya kufungua na bei, na nimepita haraka kwenye vifaa.

KWANZA UJUE KWA NINI

Samaki mmoja mkubwa hutaga mayai mengi kuliko wadogo kadhaa wenye uzito sawa na wake wakijumlishwa. Tena chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Diko linalotoa chewa wakubwa wote limeondoa madume, na waliobaki hawana wa kuzaa nao. Hilo halionekani kwenye tenga la leo. Litaonekana baada ya miaka.

Matumbawe nayo yanawategemea samaki. Pono, kangaja na tasi hula mwani unaoota juu ya mwamba. Kinda la tumbawe linahitaji jiwe safi la kushika. Likikuta mwani umetanda, halipati pa kukaa. Kikande anakula wale wanyama wa mviringo wenye miiba inayokuchoma unyayo. Vikande wakivuliwa wakaisha, wenye miiba huzaana bila kizuizi na kuukwangua mwamba mpaka unameguka. Katika pwani ya Kenya jambo hili limepimwa kwa miaka mingi, kwa kulinganisha miamba iliyo wazi na ile ya hifadhi za Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka 1968. Ndani ya hifadhi samaki ni wengi zaidi, na wenye miiba ni wachache.

Kwa hiyo unapofunga eneo, hulindi samaki pekee. Unawarudisha wafanyakazi wa mwamba kazini.

Usiahidi hivi: usiwaambie watu kwamba tengefu litazuia mwamba kupauka. Joto la bahari likipanda nyuzi 1 tu ya Selsiasi juu ya kiwango cha kawaida cha miezi ya joto na kukaa hapo kwa wiki kadhaa, matumbawe hupauka, yawe ndani ya hifadhi au nje. Mwaka 1998 joto liliua matumbawe mengi sana katika bahari yetu yote, na halikubagua. Eneo lililotengwa linasaidia baada ya hapo: walaji wa mwani wakiwepo, matumbawe mapya hupata pa kushika. Mwambie mwenzako ukweli huo tangu mwanzo, ili ikitokea asiseme alidanganywa.

ANZENI NA PWEZA

Ushauri wangu kwa diko ambalo halijawahi kufunga chochote ni huu: msianze na tengefu la kudumu. Anzeni kwa kufunga mwamba wa pweza kwa miezi mitatu.

Sababu iko kwenye maisha ya pweza mwenyewe. Anaishi mwaka mmoja hivi, au zaidi kidogo. Hukua kwa kasi, na akiwa mdogo anaweza kuongeza uzito wake maradufu ndani ya wiki chache. Jike hutaga mara moja tu maishani: huning'iniza mayai kama vishada kwenye dari ya tundu lake, huyalinda na kuyapulizia maji bila kwenda kula, na yakishaanguliwa naye hufa. Ukimwacha miezi mitatu, yule ambaye ungemtoa akiwa hajajaza hata kiganja utamkuta amekuwa wa kuuzwa kwa kilo. Mvuvi anaona faida ndani ya msimu mmoja, kwa macho yake na kwa mizani yake. Chewa hawezi kukupa ushahidi wa haraka namna hiyo.

Majirani zetu wa kusini magharibi mwa Madagaska walianza hivyo. Mwaka 2004 wanakijiji wa Andavadoaka walifunga kisiwa kimoja cha mchanga chenye mwamba wa pweza kwa miezi 7. Vijiji vingine viliiga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipitia rekodi za miaka 8 na mafungo 36. Kila kijiji kilikuwa kikifunga takriban asilimia 20 ya eneo lake la pweza. Katika siku 30 baada ya kufungua, mapato ya kijiji kutokana na pweza yalikuwa maradufu ya siku 30 kabla ya kufunga. Na jambo ambalo wengi wanaliogopa halikutokea: katika miezi ya kufunga, mapato hayo ya kijiji hayakushuka kwa kiasi cha maana, kwa sababu sehemu kubwa ya mwamba ilibaki wazi. Baadaye njia hiyo ilifika kwetu, ikiwemo Kisiwa Panza huko Pemba.

Baada ya kufunga na kufungua mara mbili tatu, watu wenyewe huanza kuuliza: je, kipande fulani kikiachwa moja kwa moja? Hapo ndipo mlete hoja ya tengefu la kudumu. Kuruwitu, katika kaunti ya Kilifi, wavuvi walitenga hekta 30 hivi katikati ya muongo wa 2000. Eneo hilo lilikuwa la kwanza la aina yake kusimamiwa na jamii yenyewe nchini Kenya, na mwaka 2017 lilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hekta moja ni mita 100 kwa mita 100. Hekta 30 ni eneo ambalo mtu aliyesimama ufukweni anaweza kulikagua kwa macho, na hiyo ni sehemu ya siri yake.

HATUA KWA HATUA

1. Hesabuni kabla ya kufunga chochote.
Anzeni daftari angalau bamvua mbili kabla. Kila siku ya kuchokoa andikeni: tarehe, watu wangapi wametoka, saa walizokaa, idadi ya pweza, jumla ya kilo, na bei. Mkigawa kilo kwa idadi ya watu mtapata kipimo kinachosema kweli kuliko vyote: kila mtu anapata kilo ngapi kwa siku. Hesabuni pia kwenye mwamba mwingine ambao hamtaufunga. Bila huo wa kulinganisha, mavuno yakipanda mtu atasema ni msimu tu, na hamtakuwa na jibu.

2. Waiteni watu wote, kwa saa wanayoweza kuja.
Hapa ndipo kamati nyingi hukosea. Mkutano unaitishwa asubuhi ya bamvua, maji yametoka, akina mama wako mwambani na njoro zao. Wanaobaki kuamua ni wenye vyombo, ambao wanaweza kuvua kwingine. Matokeo yake, eneo linalofungwa huwa ni lile la karibu linalofikika kwa miguu, yaani la wanawake, wazee na vijana wasio na ngalawa. Itisheni mkutano wakati wa maji mafu. Kaeni kwanza na akina mama peke yao, kisha wenye madema, kisha wazamiaji, kisha wachuuzi na matajiri wanaowakopesha wavuvi vifaa. Msiwasahau mama karanga, maana samaki wa kukaanga wakikosekana wao ndio wa kwanza kufunga biashara. Mkutano wa wote uje mwisho.

Kwa kila kundi ulizeni swali moja: tukifunga hapa, wewe utakula nini kwa miezi mitatu? Kama hakuna jibu, badilisheni eneo au fupisheni muda.

3. Chagueni eneo linalolindika.
Eneo zuri lina sifa hizi:
– lina mwamba wenye mashimo, na likiwezekana limepakana na majani ya bahari, ambako samaki wengi hukulia;
– linaonekana kutoka ufukweni au kutoka nyumba ya mtu;
– mipaka yake ina alama zinazojulikana tayari: mlango wa maji, jiwe kubwa, mkoko fulani, mnara wa msikiti;
– halizidi sehemu moja kati ya tano ya mahali mnapochokoa;
– halifungi njia ya vyombo.

Msichague mwamba uliokufa kabisa kwa sababu hakuna atakayeulalamikia. Huo utachukua miaka mingi kupona, na watu watakata tamaa. Msichague ulio bora kuliko yote pia, kwa awamu ya kwanza. Chukueni wa kati.

4. Pangeni kalenda.
Hesabuni kwa mwezi wa kuandama, kama mnavyofanya siku zote, na siku ya kufungua iangukie bamvua kubwa. Angalieni mahitaji ya nyumbani: msifunge kwa namna ambayo miezi migumu ya fedha, kama ufunguzi wa shule au maandalizi ya Idi, itaangukia katikati. Afadhali kufungua wiki moja kabla ya siku hizo. Kumbukeni pia kwamba kaskazi huleta bahari shwari na wageni wa dago. Kama mnafunga wakati huo, walinzi wawe wengi zaidi.

5. Wekeni sheria chache, kisha mzipe nguvu ya kisheria.
Sheria tano zinatosha: mipaka, muda, nani haruhusiwi kufanya nini, faini, na faini inaenda wapi. Kisha zipitisheni panapohusika. Tanzania Bara, halmashauri ya kijiji hutunga sheria ndogo baada ya kusikia mkutano mkuu wa kijiji, na halmashauri ya wilaya huidhinisha, mkishirikiana na afisa uvuvi. Zanzibar, pitieni kamati ya uvuvi ya shehia, kwa sheha na idara inayosimamia uvuvi. Kenya, BMU huandaa mpango wa usimamizi wa pamoja chini ya kanuni za BMU na kuupeleka kwa maafisa wa uvuvi. Kazi hii huchukua muda mrefu kuliko mnavyodhani. Lakini makubaliano ya mdomo yana nguvu kwa jirani tu; mgeni wa dago mwenye leseni atawauliza karatasi iko wapi.

Vijiji vinavyopakana nanyi viitwe kabla ya sheria kupitishwa. Kama wao huvua hapo tangu babu zao, basi nao ni wenyeji wa mwamba huo.

6. Wekeni alama.
Mitungi ya plastiki iliyopakwa rangi kali inatosha. Ifungeni kwenye jiwe la saruji lililokaa mchangani, kamwe si kwenye tumbawe hai. Acheni kamba iwe ndefu ya kutosha kwa maji makuu, na ipitisheni kwenye kipande cha mpira pale inaposuguana na saruji. Chukueni kwa simu vipimo vya mahali pa kila boya na viandikeni daftarini, maana mengine yatapotea.

7. Lindeni bila kugombana.
Walinzi watoke wawili wawili, wakiwa na simu, tochi na jaketi la kuokolea. Kazi yao ni kuona, kuandika na kutoa taarifa. Mkosaji wa kwanza aelimishwe na jina lake liandikwe. Wa pili apelekwe mbele ya kamati. Anayerudia tena akabidhiwe kwa afisa uvuvi. Sheria iwaguse kwanza walio karibu na uongozi: siku mtoto wa mwenyekiti anapokamatwa na kulipa faini, tengefu lenu limeanza kuheshimiwa. Akiachiwa, hakuna mwingine atakayelipa.

Tahadhari: mkisikia mlipuko wa baruti, au mkiona watu wenye mitungi ya gesi na silaha, msiwafuate. Rudini nchi kavu, andikeni saa, mahali na rangi ya chombo, kisha mpigie polisi na afisa uvuvi. Hakuna pweza mwenye thamani ya mlinzi.

SIKU YA KUFUNGUA

Siku hii inaweza kumaliza kwa saa tatu kazi ya miezi mitatu. Nimeipa sehemu yake kwa sababu hiyo.

Tatizo la kwanza ni bei. Pweza wengi wakitua siku moja, mchuuzi anajua hamna barafu na hamna pa kuwaweka, naye atashusha bei mpaka faida yote ihamie mfukoni mwake. Wiki mbili kabla, iteni wanunuzi zaidi ya mmoja na mkubaliane bei kwa maandishi, pamoja na nani analeta barafu na kiasi gani. Mkikosa mnunuzi wa kuaminika, punguzeni siku ya kwanza: ruhusuni idadi ya watu ambayo soko linaweza kuibeba, na wengine waingie siku inayofuata kwa zamu.

Tatizo la pili ni kukimbiliana. Watu mia mbili wakiingia mwambani kwa pupa, wanakanyaga matumbawe ambayo yametumia miaka kukua. Tumbawe la matawi hukua sentimita 10 hivi kwa mwaka. La mviringo kama jiwe hukua sentimita 1 au pungufu. Unyayo mmoja unatosha kuvunja kazi ya mwaka. Kwa hiyo:

– Wote wasubiri kwenye mstari mmoja mpaka maji yatoke vya kutosha, na mtu mmoja apulize mbiu.
– Akina mama na wazee watangulie kwenye sehemu zinazofikika kwa miguu. Wazamiaji waanzie upande wa nje.
– Njoro na fimbo tu. Bunduki za mishale zibaki nyumbani. Hakuna kupindua wala kuvunja mawe.
– Tundu lenye jike anayelinda mayai liachwe. Utamjua kwa vishada vyeupe kwenye dari, na kwamba yeye hatoki hata ukimchokoza.
– Mdogo arudishwe. Kanuni za Tanzania zinakataza pweza wa chini ya gramu 500. Kama kwenu hakuna kanuni, tumieni hiyo hiyo.
– Kila pweza apimwe kwenye mizani moja kabla ya kuuzwa, mbele za watu, na aandikwe.

Jioni hiyo hiyo someni jumla hadharani: kilo ngapi, wastani wa kila mtu, pweza mkubwa alikuwa wa uzito gani, na kiasi gani cha fedha kimeingia mfuko wa kamati. Msisubiri mkutano wa mwezi ujao. Ahadi ya kusomewa hesabu siku ile ile ndiyo itakayowaleta watu kwenye kufunga kwa pili.

MAKOSA YANAYORUDIWA

Kufungua na kuvua kote kwa siku mbili, kisha kukaa miezi tisa bila kufunga tena. Hiyo ni kuvuna bila kupanda. Pangeni tarehe ya kufunga inayofuata kabla hamjafungua hii.

Kumtegemea mfadhili kulipa walinzi. Mradi ukiisha, ulinzi unaisha. Makato madogo kwa kila kilo, yaliyokubaliwa na wote, hudumu zaidi hata yakiwa ni shilingi chache.

Kulinganisha bamvua na maji mafu, au kusi na kaskazi. Takwimu hizo hazina maana. Linganisheni bamvua kwa bamvua, na msimu kwa msimu huo huo wa mwaka jana.

Kufunga mwamba huku kokoro au juya likiendelea kuburutwa hatua mia kutoka hapo. Wavu huo hubeba wadogo wote wanaotoka kwenye tengefu, na huvunja matumbawe unapopita. Shughulikieni hilo kwanza, maana katika pwani yetu yote sheria iko upande wenu.

Kutarajia kila samaki arudi kwa wakati mmoja. Pweza ni miezi. Tasi na wenzake wanaokua haraka huonekana ndani ya mwaka mmoja hadi mitatu katika tengefu la kudumu. Chewa wakubwa na mwamba wenyewe ni hesabu ya miaka kumi na zaidi. Andikeni matarajio haya ukutani mwa ofisi, ili kiongozi mpya asije akavunja kila kitu kwa kuwa hajaona chewa mwaka wa pili.

ORODHA YA KUKAGUA KABLA YA KUFUNGA

☐ Daftari lina rekodi za bamvua mbili au zaidi, za eneo la kufungwa na la kulinganisha
☐ Akina mama wanaochokoa wamekaa kikao chao na maoni yao yameandikwa
☐ Vijiji jirani na wageni wa dago wamejulishwa
☐ Mipaka imetembelewa kwa miguu au kwa chombo na wawakilishi wa kila kundi
☐ Sheria ndogo zina muhuri, na nakala iko dikoni
☐ Majina na zamu za walinzi zimebandikwa
☐ Tarehe ya kufungua inajulikana na kila mtu
☐ Mnunuzi na barafu vimezungumzwa
☐ Mtunza fedha na mkaguzi wa hesabu ni watu wawili tofauti, na hawana undugu

Kisanduku kimoja kikiwa kitupu, ahirisheni kwa mwezi mmoja. Kufunga kwa kuchelewa hakuna hasara. Kufunga kukavunjika katikati kunawafanya watu wakatae kwa miaka, na nimeona viongozi wazuri wakishindwa kurudisha imani hiyo. Lakini daftari halina sababu ya kusubiri. Hata kama kwenu hakuna kamati iliyo hai, mnunulie mtu mmoja mwaminifu daftari na kalamu, na aanze kupima bamvua linalokuja.